Vifaranga wa Bi Mgeni

Mtu akikwambia paka wake ni mpole, hagusi kuku, muulize kwanza: huyo paka keshawahi kuona kifaranga? Kuku mzima ana mdomo na kucha, na paka mwenye akili humpisha njia. Kifaranga wa siku moja ni kitu kingine kabisa. Analia, anakimbia hovyo, anaanguka, anainuka, anakimbia tena. Paka haoni kuku hapo, anaona mchezo, na mchezo wa paka tunajua unavyokwisha.

Naandika haya kwa sababu wiki kadhaa zilizopita mmoja wenu niliowafunza kazi alituma picha kwenye kundi letu la simu. Sanduku la vifaranga, na pembeni yake paka amekaa na mkia wake kama mgeni aliyealikwa chai. Akauliza, "Bi, hapa pako tayari?" Nyote mkacheka. Mwengine akaongeza, "Mwambie na ubani asifukize, asije akawa kama yule bibi wa Kiponda." Mkacheka zaidi. Najua mliniona nimesoma na kunyamaza, na mkadhani nimelala.

Wengi wenu mlinikuta nikikaribia kustaafu, kwa hivyo hamjui kazi ilivyokuwa. Kila aliyetaka vifaranga kutoka kituo cha kutotolea, mmoja wetu alikwenda kwanza nyumbani kwake akatazama chumba, akasema pako tayari au bado. Bila ya neno letu vifaranga hawatoki. Nimeingia nyumba za Mkunazini zenye ngazi kama za mnarani, na vibanda vya makuti Kiwengwa ambako mwani umeanikwa mpaka mlangoni. Watu waliniita Bi Kuku. Harusini nilikuwa napewa paja la kuku juu ya biriani bila ya kuomba, na kabla sijalimega, mtu keshakaa ubavuni ananieleza habari za jogoo wake anayekohoa.

Aliyenifunza alikuwa Maalim Haji, mtu wa Makunduchi, mfupi, mwenye kofia iliyopauka kwa jua. Yeye hakuwa akikagua chumba kwa kusimama mlangoni na daftari. Alivua viatu, akaingia, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, na jiko likiwa limewashwa na mlango umefungwa vile vile utakavyofungwa vifaranga wakifika. Alikaa muda wa chungu cha wali kukauka. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na kipimajoto changu, nikamuuliza anafanya nini.

"Kaa chini, bi mdogo," alinambia. "Hewa ya huko juu yako wewe. Ya huku chini ndo yake kifaranga. Ukikaa kichwa kikawa kizito, jua mwenzio keshakufa."

Nilikaa naye kwa adabu tu, moyoni nikimcheka. Baadaye, alipostaafu yeye, nilikaa mara moja moja. Baadaye zaidi magoti yakaanza kuuma nikawa natazama kipimajoto, natazama paka wako wapi, natia sahihi, naondoka.

Nawapa ya paka kwanza, kwa kuwa ndiyo mliyouliza. Sanduku liwe na kifuniko cha wavu wa waya, wenye matundu ambayo kidole chako kidogo hakipiti. Usitumie wavu wa samaki. Paka wa Malindi ya hapa mjini anaujua wavu wa samaki kuliko mvuvi. Pazia si mlango, hata kama mwenye nyumba anaapa. Mpe paka chakula kabla hujaingia kwa vifaranga, si baada ya kutoka, ili harufu yao asiifungamanishe na njaa. Halafu mwache akae nje ya ule waya, nawe upo, leo, kesho na keshokutwa, mpaka achoke. Usimkimbize kwa ufagio. Paka anayekimbizwa anafahamu kuwa ndani muna kitu cha thamani, na atakuja kukitafuta siku ambayo wewe uko sokoni.

Na msisahau wengine, maana paka anabeba lawama za wengi. Miguu ya sanduku itieni kwenye makopo yenye maji, ama sungusungu watapanda na mtakuta mifupa. Kunguru anaingia dirishani mchana kweupe, anachagua kama mtu anayenunua nyanya. Taa ikiwashwa, wasomeni vifaranga wenyewe. Wakibanana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembezoni wanatweta, joto limezidi. Wakijikusanya upande mmoja, upepo unawapiga. Wakitawanyika kila mtu na lake, kama watu waliokwisha kula, basi hapo pako sawa.

Nikiwa Malindi, mzee mmoja aliniita kila siku kwa siku nne. Vifaranga wake wanatweta, wanakunywa maji kama waliotoka jangwani. Namwambia punguza joto, ananambia, "Mbona wanalia baridi, Bi Kuku? Nnawasikia mie mwenyewe!" Akisikia kilio anaongeza makaa. Siku ya nne nilikaa barazani kwake asubuhi nzima. Nikasikia kile kilio, cha kifaranga aliyepotewa na mama, kinatia huruma hasa. Nikainuka nikaenda sandukuni, vifaranga wote wamelala. Kilio kikaja tena, nyuma yangu. Kasuku! Alikuwa amejifunza sauti ile tangu siku ya kwanza, na kila akiilia mzee anakimbia mbio na makaa. Akanitazama kwa jicho moja, kisha akalia tena. Tulicheka mpaka mzee akatoa machozi, na kasuku akahamishiwa juu.

Basi sikilizeni na lile ambalo sijalisema.

Bi Mgeni alikuwa mjane wa Kiponda, katika nyumba ya mawe ya zamani, yeye chini na wapangaji juu. Miguu ilikuwa imemkataza kusimama kuchoma vitumbua, na binti yake, Asha, alitaka kumchukua akakae naye Fumba, kwenye majumba yale mapya. Nilipokwenda kumkagulia chumba aliniweka kitako ukumbini kabla ya yote.

"Umekuja kunikagua mie au chumba?"

"Chumba, Bi Mgeni."

"Basi nkwambie mapema, nawe unisaidie. Mwanangu Asha mwema, simlaumu. Lakini mie humu nimeolewa, humu nimezaa, na marehemu kafia humu. Nimemwambia aniwache nfuge kuku. Nikiweza kujishughulisha mwenyewe, niwachwe kwangu. Nikishindwa, ntafunga kifurushi changu bila ya maneno. Hayo ndo mapatano yetu."

Kwa hivyo nilijua. Hao hawakuwa vifaranga wa kujipumbaza. Ilikuwa ni kubaki kwake au kuondoka.

Alikuwa na paka mkubwa, mweupe, mwenye baka jeusi kutoka shingoni hadi mgongoni kama joho. Akimwita Bwana Harusi. Aliletwa na marehemu mumewe, na kila Bi Mgeni akisali, yeye alijilaza kwenye ncha ya mswala. Nilimwona nikatia alama mbaya moyoni papo hapo. Mwezi ule ule, katika nyumba nyingine niliyosema pako tayari, paka alikuwa ameingia usiku akamaliza sanduku zima, na mkuu wangu akanisema mbele ya wenzangu, mimi, mtu mzima wa kazi. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikushtuka tu, nilipigana nao.

"Huyu paka aondoke," nikasema.

"Aende wapi?"

"Paka au vifaranga, Bi Mgeni. Chagua."

Bi Mgeni alinyoosha mkono akamkuna paka shingoni. Nilikuwa najua namna ya waya, na kumzoesha siku tatu, haya haya niliyowaandikia hapo juu. Nimeyafanya nyumba nyingi. Pale sikutaka hata kuyataja, kwa sababu nilikuwa na hasira ambayo si yake.

"Basi mtafutie watu wema," alisema mwishowe.

"Ntamtafutia."

Kwetu paka humuui wala humpigi mawe. Unamtia kikapuni, unamfunika asiione njia, unampeleka penye samaki. Siku ya pili nilikuwa na safari ya kazi Mkokotoni, nikamchukua. Nilikifungua kikapu dikoni, pale wanaposhusha samaki, pembeni ya lundo la magamba. Nilidhani atatoka mbio. Alitoka, akakaa ubavuni mwa kikapu, akaanza kujilamba. Nikakichukua kikapu changu nikapanda gari. Bi Mgeni nilimwambia nimempa jamaa mmoja, wana watoto, wanampenda.

Halafu nikakigeukia kile chumba. Kilikuwa ghala zamani, kuta nene, dirisha moja dogo na vitundu vitatu vya hewa juu karibu na dari. Paka wa mtaa wote wa Kiponda wangeweza kupita. Nilisimamia mwenyewe kila kitundu kikajazwa maboksi na magunia, dirisha likapigwa ubao, na chini ya mlango tukabana gunia lililokunjwa. Umeme wa chumba kile ulikuwa hautoshi kwa taa, nikakubali jiko la makaa pembeni, nikamfunza aliwashe nje mpaka makaa yawe mekundu, alifunike jivu ndipo aliingize. Hilo nilimfunza vizuri sana.

Bi Mgeni alikuwa amesimama na mkongojo wake ananitazama.

"Mwanangu, hewa itapita wapi?"

"Vifaranga wanataka joto, Bi Mgeni, si upepo."

Nani angebishana na Bi Kuku? Vifaranga wakaja Jumatano asubuhi. Nilitazama kipimajoto, kiko sawa. Dereva alikuwa anapiga honi kichochoroni, magoti yananiuma. Sikukaa chini.

Usiku ule Bi Mgeni hakulala, kila saa alifungua mlango kuwachungulia wageni wake. Alikhamisi jioni, kama zifanyavyo nyumba zetu nyingi, Bi Mgeni alifukiza ubani. Alizunguka vyumba vyote na chetezo, mwisho akaingia kwa vifaranga, akakizungusha mara moja nao wapate baraka, akatoka nacho, akafunga mlango na kulibana gunia kama nilivyomwambia.

Ijumaa asubuhi simu ililia nikiwa sijavaa baibui. "Njoo, mwanangu," alisema, basi. Nilipofika alikuwa kwenye kigoda ukumbini, chetezo kimo mapajani mwake, kimepoa.

"Nimewauwa mie," alisema. "Ni ubani wangu. Nliwaona wageni, nkasema wapate baraka kama sote. Sikujua. Wallahi sikujua."

Niliingia chumbani. Wamelala kila mahali, shingo zimenyooka, wala hapana tone la damu wala manyoya yaliyong'oka. Nilisimama kidogo tu kichwa kikaanza kuwa kizito, na mimi nimeacha mlango wazi. Jiko lilikuwa bado na uhai chini ya jivu. Kisha nikasikia sauti karibu na miguu yangu. Pembe moja ya mlango gunia lilikuwa limesogea, labda alipolibana mkono haukufika, na palikuwa na upenyo wa kuingia vidole viwili. Vifaranga sita walikuwa wamejibanza pale, midomo yao kwenye ule upenyo, hai.

Hakuna mtu aliyewahi kunieleza jambo waziwazi kama walivyonieleza wale sita. Chembe ya ubani iliyozungushwa mara moja na kutolewa haiui chumba cha vifaranga. Makaa ndani ya chumba kisicho na tundu, mlango usifunguliwe usiku kucha, yanaua, yangewaua hata kama Bi Mgeni hana ubani wala chetezo. Niliyeziba ni mimi. Na aliyeuliza hewa itapita wapi ni yeye.

Nililisukuma lile gunia kwa mguu, likakaa sawasawa, upenyo usionekane. Ndipo nikatoka.

"Moshi ni mbaya kwa vifaranga, Bi Mgeni," nikamwambia.

Mnaona nilivyolichagua neno? Ni kweli moshi ni mbaya kwa vifaranga. Kila neno la kweli, na jumla yake uongo. Aliitikia kwa kichwa. Nilimpa wale sita, akarudisha mikono nyuma. "Wachukue wewe," alisema, "mkono wangu una nuksi." Nikawachukua. Walikua wote, matetea wanne na majogoo wawili, na mayai yao nimeyala na wanangu.

Ofisini niliandika kuwa sababu ni ubani. Mkuu wangu akasikitika, akasema wazee wetu hawa na mila zao. Kabla mwezi haujakwisha Asha alikuja na gari, na Bi Mgeni akahamia Fumba na kifurushi chake bila ya maneno, kama alivyoahidi.

Na sikuishia hapo. Mlipokuja nyinyi kwenye mafunzo, nilikuwa nataka mfano wa kuwaamsha baada ya chakula cha mchana. "Kuna bibi mmoja Kiponda," nilikuwa naanza, na nikaigiza anavyozunguka na chetezo, na mkacheka. Nilikusimulieni kila kundi, mwaka hadi mwaka. Nilipoisimulia mara nyingi nikakaribia kuiamini. Sasa mnaisimulia nyinyi, mnawaonya watu na ubani, na hakuna hata mmoja wenu niliyemsikia akiuliza vitundu vya hewa. Nimekutieni sumu katika kazi yenu, na hilo linanichoma kuliko mnavyodhani. Futeni ule mfano. Ubani utoeni chumbani, ndiyo, moshi ni moshi. Lakini kwanza vueni viatu mkae chini.

Mkokotoni nilirudi mara mbili, baadaye sana, kumtafuta Bwana Harusi. Wavuvi walinitazama mimi mtu mzima naita paka kwa jina la kiume. Sikumpata.

Ile picha yenu ndiyo iliyonipeleka Fumba. Siku ya tatu yake nilivaa nikaenda. Asha alinifungulia, akafurahi, akakimbilia jikoni. Bi Mgeni alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, tasbihi mkononi, amekonda, macho yamefifia, lakini sauti yangu aliijua.

"Bi Kuku! Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba. Wazima huko mjini?"

Nilimwambia yote, sikuacha kitu. Vitundu, jiko, wale sita, gunia nililolisukuma kwa mguu, mnavyocheka nyinyi darasani. Nikamwambia na paka sikumpa mtu yeyote.

"Hilo la paka nlilijua," alisema. "Ingekuwa kweli, ungenitajia jina la hao watu."

Tasbihi ilikuwa imesimama katika vidole vyake. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru.

"Basi si mkono wangu?" aliuliza.

"Si mkono wako, Bi Mgeni. Haukuwa mkono wako hata siku moja."

Asha alikuwa ametokea mlangoni na trei ya juisi, amesimama anasikiliza.

"Huyu alinambia nchukue wengine," Bi Mgeni alisema, akimwonesha kwa kidevu. "Alisema, mama, ile ni bahati mbaya, anza tena, mie ntangoja. Nkakataa. Nkasema mkono wangu unauwa, ntaleta viumbe vya watu nivimalize? Nkafunga kifurushi." Akageuka kutazama dirishani, ambako hakuna kitu ila roshani za watu wengine na nguo zao. "Kumbe ningekuwa kwangu hii leo."

Asha aliiweka trei juu ya meza, akaenda kukaa miguuni kwa mama yake. Hakuna aliyenikaribisha kunywa.